Sura ya Nne: Mbona Nilikuwa Nimeshazoea?

Swali hili halibadiliki, awe anayeuliza ni mwanafunzi wa chuo Mbeya au kijana wa dukani Kariakoo. Alipata leseni mwanzoni mwa mwaka. Wiki za kwanza aliendesha kwa woga: kiti amekivuta mbele, redio ameizima, viganja vinatoka jasho. Hakugusa hata bampa la mtu. Miezi ikapita, woga ukamtoka, akaanza kushika usukani kwa mkono mmoja. Halafu asubuhi moja isiyo na mvua wala ukungu, kwenye barabara anayopita kila siku, akalivaa gari la mbele. Sasa anauliza: mbona nilikuwa nimeshazoea?

Nyumbani majibu hayakosekani. Bibi atasema ajali haina kinga, mshukuru Mungu umetoka mzima. Mjomba mwenye gari atasema ni mwendo tu, hakuna kingine. Rafiki atanong'ona kwamba kuna mtu hakupendezwa kukuona unaendesha. Dua ya bibi sina ugomvi nayo, na mjomba mara nyingi yuko karibu na ukweli. Ila wote watatu wameruka jambo moja. Kijana huyu alikuwa amelizoea gari. Barabara alikuwa bado hajaizoea. Gari mtu hulizoea kwa majuma. Barabara hudai miaka.

## Mikono hutangulia, macho huchelewa

Kuachia klachi bila gari kuruka, kubadili gia, kurudi nyuma, kuegesha kati ya magari mawili: hayo ni mambo ya mikono na miguu. Shule ya udereva huyakazania kwa sababu yanafundishika na yanapimika. Mkaguzi akisimama pembeni anaona wazi kama umegusa kigingi au hukugusa. Asichoweza kukiona kwa urahisi ni mahali macho yako yalipokuwa.

Watafiti wa usalama barabarani walilitafutia hilo njia. Tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakiwafunga madereva vifaa vinavyofuatilia mwendo wa mboni ya jicho, kisha wanawaachia barabara. Picha iliyojitokeza ni ileile mara kwa mara. Dereva mgeni hutazama karibu, mita chache mbele ya boneti. Macho yake hukaa sehemu nyembamba ya barabara, na vioo hukumbukwa kwa nadra. Mzoefu huyatupa macho mbali, huyarudisha karibu, huyapeleka pembeni, kwenye kioo, na mbali tena. Ukimuuliza anafanyaje hivyo hana jibu, maana hajui kama anafanya.

Uwezo huo unaitwa utambuzi wa hatari, yaani kuliona jambo likiwa bado halijawa tatizo. Uingereza iliuona ni muhimu kiasi cha kuuingiza kwenye mtihani wa leseni mwaka 2002: mtahiniwa anaoneshwa video za barabarani, naye anabonyeza kitufe pale anapoona hatari inaanza kujengeka. Akibonyeza mapema anapata alama nyingi. Akisubiri hadi jambo litokee, hapati kitu.

Kuna jingine linalowashangaza wazazi. Mwanafunzi anapokuwa na mtu mzima pembeni, ajali zake ni chache sana. Hatari hupanda ghafla siku anapoachiwa gari peke yake, na miezi ya kwanza ya kuwa peke yake ndiyo mibaya kuliko mingine yote. Yule mtu wa pembeni alikuwa anafanya nusu ya kazi bila kuonekana. Alikuwa anasema "punguza, yule anataka kuvuka" kabla mwanafunzi hajajua kwamba kuna mtu.

Twende barabara ya Bagamoyo, saa moja asubuhi, kutoka Tegeta kuja Mwenge. Mbele yako kuna daladala. Kulia lori la mchanga, na bodaboda wanapenya katikati. Dereva mgeni anaona mgongo wa daladala na taa zake za breki. Zikiwaka anakanyaga. Zisipowaka anaendelea, na kuna daladala ambazo balbu zake zilikufa zamani. Mzoefu anasoma mambo mengine kabisa. Konda ametoa nusu ya mwili mlangoni na anatazama kushoto: kuna wa kupakia. Kupitia kioo cha nyuma, mtu ameinuka kitini na kushika bomba: kuna anayeshuka. Kiganja kimegonga bodi mara mbili. Mbele kidogo, watu watatu wamesimama chini ya mti pasipo na kituo. Daladala haijawasha taa yoyote, lakini mguu wa mzoefu umeshatoka kwenye mafuta na kukaa juu ya breki. Inaposimama ghafla, kwake haikuwa ghafla.

Ukitaka kujua kama unaanza kuisoma barabara, jiulize kama alama hizi zinakuambia kitu kabla mtu hajakueleza:

- Matawi mabichi yametandazwa juu ya lami. Kuna lori limeharibika, pengine kwenye kona usiyoiona.
- Mbuzi mmoja amevuka. Waliobaki wanamfuata.
- Basi la mkoani limesimama upande wa pili. Kuna abiria atakayevuka kwa nyuma yake bila kutazama.
- Gari limeegeshwa na ndani kuna kichwa cha mtu. Mlango unaweza kufunguka, au gari lenyewe likaingia barabarani bila indiketa.
- Anayekuja mbele yako anawasha na kuzima taa. Vijana hudhani daima ni tochi, kile kipima mwendo cha trafiki. Inaweza kuwa ng'ombe, inaweza kuwa ajali.

Kwa ufupi: siku unapojiona umezoea, mikono ndiyo imezoea. Woga uliokuwa ukikulinda umeondoka, na macho yaliyotakiwa kushika nafasi yake hayajafika.

## Hesabu ya sekunde moja na nusu

Mtu anayeshtukizwa huhitaji karibu sekunde moja na nusu kuona, kuelewa, kuamua na kuhamisha mguu. Kwa muda huo wote gari halijui kama kuna tatizo, linakwenda kwa kasi ileile.

Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kabla breki haijashika umekwishakwenda mita 21. Breki nzuri kwenye lami kavu itahitaji mita nyingine 14 hivi kulisimamisha. Jumla 35. Kwenye kilomita 80, mita 33 zinapotea kabla ya breki na nyingine 35 baada yake, jumla 68. Kwenye kilomita 100, jumla inakaribia mita 97, sawa na kutoka goli hadi goli kwenye uwanja mdogo wa mpira. Na hapo tumechukulia kwamba tairi ni nzima na mvua haijanyesha.

Tazama kilichotokea. Kutoka 50 kwenda 100 mwendo umeongezeka mara mbili, ila umbali wa breki peke yake umetoka mita 14 hadi 55, yaani mara nne. Nguvu ya kishindo nayo hufuata kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo kibao cha 50 kwenye eneo la makazi kina hesabu nyuma yake, hata kama wengi wetu tumekifahamu kama mahali trafiki anapojificha na tochi.

Sasa rudisha mambo ya macho. Mzoefu wa barabara ya Bagamoyo hana mguu mwepesi kuliko wa kijana. Mara nyingi kijana ndiye mwepesi. Ila mzoefu alishaanza kuhesabu sekunde yake moja na nusu pale konda alipotoa mwili nje. Kijana alianza taa zilipowaka, kama ziliwaka. Na kama alikuwa ameinamia simu kwa sekunde mbili tu, kwenye mwendo wa 60 amekwenda mita 33 bila dereva.

Dawa inayofundishwa duniani kote ni nafasi ya sekunde mbili. Chagua nguzo ya umeme. Gari la mbele likiipita, sema taratibu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Najua utakachosema: ukiacha nafasi hiyo Dar es Salaam, bajaji itaingia. Ni kweli, itaingia. Iache, kisha tengeneza nafasi nyingine. Bajaji tano zikikuingilia njiani umepoteza sekunde kumi.

Neno moja kuhusu mguu. Magari mengi tunayoagiza Japani, hata yale madogo yaliyobatizwa "baby walker", yana breki zinazozuia tairi kujifunga, maarufu kwa herufi ABS. Ukikanyaga kwa nguvu zote, pedali hutetemeka na kutoa mngurumo chini ya mguu. Dereva ambaye hajawahi kuisikia hudhani ameharibu kitu na kuachia, tena wakati ule ambao hakutakiwa kuachia. Nenda kwenye uwanja mtupu na mtu mwenye uzoefu, kwa mwendo mdogo, ukanyage hadi uisikie. Afadhali uifahamu hapo kuliko nyuma ya lori.

## Baada ya kishindo

Wengi hukumbuka sauti kuliko kitu kingine: bati na plastiki, halafu kimya, halafu honi za nyuma. Mwili umemwaga adrenalini, kemikali inayouandaa kupigana au kukimbia. Mikono inatetemeka, mdomo umekauka, moyo unadunda masikioni. Maumivu hayasikiki, ndiyo maana mtu mwenye ubavu uliovunjika huweza kushuka na kuanza kukagua taa. Kuna wanaocheka. Kuna wanaorudia sentensi moja kama kasuku. Kuna wanaopata hamu kubwa ya kuondoka hapo, na si kwa ubaya wa roho, mwili ndio unaowasukuma.

Tuseme aliyegongwa ni mama wa makamo. Ameshuka, ametazama nyuma ya gari lake, sasa anamjia kijana.

"Shikamoo mama," kijana anasema, maana ndilo neno la kwanza lililopatikana.

"Marahaba. Umeumia?"

"Hapana mama. Samahani, yaani mimi... breki... nilikuwa..."

"Subiri kwanza, mwanangu. Vuta pumzi. Zima gari."

Huyo ni mama mwenye busara, na si kila anayegongwa atakuwa hivyo. Ila mpangilio wake ni sahihi: mtu kwanza, gari baadaye, maelezo mwisho. Samahani ya kiungwana haina tatizo, na kwetu asiyeitoa atazua ugomvi. Kinachokuponza ni kuendelea: "nilikuwa naangalia simu", "nitalipa kila kitu", "breki zilikuwa mbovu tangu jana". Hujui bado umeharibu nini, hujui umeumia wapi, na kichwa chako kwa dakika hizo si cha kukiamini.

Fanya haya, kwa kadiri hali inavyoruhusu:

1. Zima injini, vuta breki ya mkono, washa hazadi, yaani indiketa zote mbili kwa pamoja.
2. Wakague watu: wewe, abiria wako, walio kwenye gari jingine, na yeyote aliyekuwa kwa miguu au kwenye pikipiki.
3. Tazama nyuma kabla ya kufungua mlango. Wapo waliopona kwenye mgongano wakagongwa walipokuwa wanashuka.
4. Weka pembetatu mbali na gari, na iwe mbali zaidi kama ni barabara kuu au ni usiku.
5. Piga picha kabla gari halijasogezwa: magari yote mawili yakiwa mahali pake, namba zake, alama za tairi kwenye lami, mabaki ya taa, na eneo zima kwa mbali.
6. Piga 112 kuita polisi. Kama kuna moto au mtu amebanwa ndani, Zimamoto na Uokoaji ni 114.
7. Chukua jina, simu, leseni na taarifa za bima za mwenzako, nawe mpe zako.

Picha ya mbali ndiyo watu husahau. Kila mmoja anapiga bampa lake kwa karibu, halafu baadaye hakuna anayeweza kuonesha nani alikuwa upande gani wa mstari.

## Baraza la barabarani

Vumbi halijatulia, watu wameshajaa. Yuko aliyeona kila kitu, yuko aliyefika sasa hivi na ameona zaidi ya yule wa kwanza, na yuko mwenye busara za haraka anayewavuta madereva pembeni: "Wadogo zangu, malizaneni. Trafiki akija mtapoteza siku nzima."

Hajakosea sana. Trafiki akifika ataipima ajali, yaani atachukua vipimo vya barabara, mahali magari yalipo na alama zilizobaki, kisha atachora ramani. Magari yanaweza kupelekwa kituoni kukaguliwa. Kuna maelezo ya kuandika na kurudi siku nyingine. Mtu mwenye kikao saa tatu ataona laki moja ya kumaliza mambo ni rahisi kuliko yote hayo.

Mimi siipingi "tumalizane" moja kwa moja. Rangi imekwaruzwa, taa ni nzima, hakuna aliyeguswa, nyote mna leseni hai: mwandikishiane kwenye karatasi, mtaje tarehe, namba za magari, kiasi na kwamba madai yameisha, mtie sahihi mbele ya shahidi, mlipane kwa simu ili ibaki kumbukumbu. Mmeokoa siku. Ila nje ya hapo ningekuwa mzito, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni plastiki. Bampa za siku hizi hujikunja na kurudi mahali pake. Kwa nje unaona mkwaruzo. Fundi akiifungua anakuta chuma cha ndani kimepinda, rejeta imepasuka na taa imeng'oka vishikio. Aliyepokea laki moja barabarani sasa anakupigia simu usiku, na karatasi hamkuandikishiana.

Ya pili ni bima, na hapa vijana wengi, hata wazazi wao, hawajui walichonunua. Kisheria gari lolote barabarani Tanzania lazima liwe na angalau bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni mtu mwingine yeyote unayemdhuru. Maana yake bima ndogo humlipa yule mama. Gari lako hailihusu kabisa, hata kama limebaki nusu. Bima kubwa ndiyo inayotengeneza na lako, nayo kwa kawaida hukuachia sehemu ya gharama uibebe mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Sehemu hiyo imeandikwa kwenye mkataba. Isome leo, gari likiwa zima.

Mikataba mingi pia inakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua. Ukimalizana na mtu leo, kesho akarudi na madai makubwa, kampuni inaweza kukuambia uendelee na ulichokianza. Inaweza pia kukataa kama leseni ya dereva ilikwisha muda, kama alikuwa amelewa, au kama gari la binafsi lilikuwa likibeba abiria kwa nauli. Hilo la mwisho linawanasa vijana wanaotafuta hela ya mafuta jioni kwa gari la mjomba.

Kabla ya kuazima gari la mtu, hakiki bima yake. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo mtandaoni unaotumia namba ya gari kuonesha kama bima ipo na ni hai. Na kama kampuni imekataa kulipa na wewe unaona umeonewa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya namna hiyo kabla mambo hayajafika mahakamani.

Kwa ufupi: bima ndogo inamlinda uliyemgonga. Karatasi inawalinda wote wawili. Aliyesema amemaliza kwa mdomo hajamaliza.

## Kama kuna aliyeumia

Hapa hakuna kumalizana. Polisi lazima wajue.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barabara huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko hicho. Zaidi ya nusu ya wanaokufa hawakuwa ndani ya gari: ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye pikipiki. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu atakayeumia kwenye ajali ya kijana wetu ni wa bodaboda, abiria wake, au mama aliyekuwa anavuka na ndoo.

Usimnyanyue kwa pupa. Majeruhi wetu wengi hubebwa mikono na miguu, shingo ikining'inia, na kutupwa kiti cha nyuma kwa nia njema kabisa. Kama hakuna moto wala hatari ya kugongwa tena, mwache alale, shikilia kichwa kisigeuke, kandamiza panapovuja damu kwa kitambaa safi, ongea naye. Kofia ya pikipiki usiivue kwa kuivuta, labda kama hapumui. Kama lazima abebwe, mwili uende pamoja kama ubao, watu wanne si wawili.

Hospitalini ataulizwa PF3. Ni fomu ya polisi inayoeleza kwamba majeraha yametokana na ajali au shambulio, na daktari huijaza alichokiona. Inahitajika kwa kesi na kwa fidia. Lakini mtu aliye hoi anatakiwa kuhudumiwa kwanza, fomu ifuate. Tuma mtu kituoni wakati wewe au ndugu mko na mgonjwa.

Halafu kuna hofu ambayo vitabu vya udereva huipita kimya: watu. Dereva aliyegonga mtoto kijijini hajui kama umati unaokimbia kuja unakuja kumsaidia majeruhi au kumpiga yeye. Hofu hiyo ina sababu. Mara nyingi anayeshuka haraka na kuinama kwa majeruhi hutulizwa na umati huohuo, na anayekaa ndani amefunga vioo huwasha hasira. Mara nyingi, si mara zote. Ukiona mikono imeshika mawe, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, jieleze hapohapo, taja mahali majeruhi alipo ili msaada ufike, na usiondoke kituoni. Kukimbilia nyumbani na kulificha gari uani ni jambo jingine kabisa, na sheria hulitazama hivyo.

## Siku zinazofuata

Kesho yake asubuhi shingo haigeuki. Kichwa kilitupwa mbele na kurudi nyuma, misuli na kano za shingo zikavutika, na sasa adrenalini imekwisha. Kwa wengi huisha kwa siku chache. Ganzi mikononi, kichwa kinachozidi kuuma, kutapika au kusinzia kusiko kwa kawaida ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama jana ulisema huna kitu.

Usingizi nao huyumba. Kishindo kinarudi usiku, na mchana mguu unakanyaga breki hata ukiwa abiria. Wengine hubadili njia ili wasipite pale mahali. Yote hayo ni kawaida kwa majuma ya mwanzo. Yakivuka mwezi bila kupungua, mwone daktari na umwambie hivyohivyo ulivyo. Kwetu kijana wa kiume hasa huambiwa ajikaze, naye hujikaza hadi anaacha kuendesha kabisa, au anarudi barabarani na hasira.

Kurudi kwenye usukani kusicheleweshwe sana. Chagua saa ya utulivu, barabara ileile, na mtu asiyepiga kelele pembeni. Lakini kabla ya hapo kaa na kalamu, andika sekunde kumi zilizotangulia kishindo. Usiandike ulikuwa kilomita ngapi, hilo utajitetea nalo. Andika ulikuwa unatazama nini, ukianza na kitu cha mwisho ulichokiona kabla ya taa za breki. Wengi hukuta hakuna kitu. Wanakumbuka mgongo wa gari na wimbo uliokuwa redioni.

Mzazi naye ana kazi. Baba anayeanza na "unajua gari hili nimelinunua shilingi ngapi?" atapata jibu la bei. Akimuuliza mwanawe "nini kilikuwa mbele ya daladala?" watakuwa na mazungumzo ya jioni nzima.

## Nani akae pembeni

New Zealand mwaka 1987 ilianza kutoa leseni kwa hatua. Kijana hupita kipindi cha kujifunza na mtu pembeni, kisha kipindi ambacho anaendesha peke yake lakini usiku wa manane haruhusiwi, wala kubeba vijana wenzake bila mtu mzima, ndipo apewe leseni kamili. Nchi nyingine nyingi ziliiga, na ajali za madereva wachanga zikapungua. Sababu ya marufuku ya wenzake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupanda gari la vijana wanaokwenda kwenye sherehe: kila rafiki anayeongezeka, macho ya dereva yanazidi kuvutwa ndani.

Kwetu mwenye miaka 18 akishapata leseni yake ya gari dogo, usiku ule ule anaweza kuwabeba wenzake wanne kwenda Morogoro, na hajavunja sheria. Basi nyumbani ndiko masharti yanakoweza kuwekwa, na mwenye funguo hahitaji Bunge. Kwa miezi sita ya kwanza: saa tatu usiku gari liwe limerudi, abiria rika lake asizidi mmoja, mikoani kwa gari ni pamoja na mtu mzima. Atanuna. Mpe na kitu cha kufanya, nacho ni zoezi linalotumika tangu zamani kwenye mafunzo ya udereva ya polisi wa Uingereza: aendeshe huku akitaja kwa sauti anachokiona, na wewe uliye pembeni unyamaze.

Siku za kwanza atataja yaliyokwisha kutokea. "Lori limesimama." "Bajaji imeingia." Atachoka upesi, nawe utachoka kumsikiliza. Endeleeni. Ukianza kumsikia akisema "lile lori litasimama" na likasimama kweli, "yule mtoto anataka kuachia mkono wa mama yake" na akauachia, hapo mnaweza kuanza kuzungumzia gari la saa nne usiku.